Namba Nayo ni Shahidi: Tuiamini Lini MRI Inapopima Ubongo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Muhula uliopita, katika darsa letu la baada ya swala ya Ijumaa, ustadhi alitufundisha sifa za mpokezi wa hadithi. Alisema wanazuoni hawakuridhika na mtu kuwa mcha Mungu tu. Walimtaka awe na mambo mawili: uadilifu, yaani asiwe mwongo wala fasiki, na dhabti, yaani ahifadhi alichosikia na akieleze vilevile alivyokipokea. Mtu anaweza kuwa hakosi kisimamo cha usiku na bado riwaya yake ikaachwa, kwa kuwa kumbukumbu yake huteleza.

Kisha akatusimulia kisa cha Marwan bin al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina. Alimwita Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, akamuuliza hadithi, na nyuma yake amemkalisha mwandishi anayeandika kila neno. Mwaka ulipopita akamwita tena, akamuuliza yaleyale, mwandishi akilinganisha na aliyoyaandika mwanzo. Abu Huraira hakuongeza wala hakupunguza.

Wenzangu walitikisa vichwa kwa kustaajabu, lakini mimi nilikuwa na wasiwasi. Nasoma radiografia, na wiki ileile nilikuwa nimejifanyia mwenyewe mtihani kama ule wa Marwan na nikaanguka. Nitaeleza mbele. Kwanza tuelewane juu ya elimu yenyewe, kwani inamgusa hata anayesoma sheria, uchumi au ualimu. Kila mmoja wetu ataletewa namba siku moja na kuambiwa aamue kwa hiyo namba.

MRI hupima nini?

Mwili umejaa maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni hujiendesha kama sumaku ndogo sana. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa, sehemu ndogo ya viini hivyo hujipanga kuifuata. Mashine hutuma mawimbi ya redio na kuvisukuma viini vitoke katika mpangilio wao, kisha husikiliza vinaporudi. Muda wa kurudi haufanani kila mahali. Katika majimaji ya ubongo ni mrefu, katika mada ya kijivu ni wa kati, na katika mada nyeupe yenye mafuta mengi ni mfupi. Muda huo huitwa T1, na huhesabiwa kwa milisekunde. Kuna na mwingine uitwao T2.

Picha ya kawaida ya MRI haikuambii T1 ni ngapi. Inakuonyesha weusi na weupe tu, na weupe huo hauna kipimo. Doa lenye weupe wa 400 katika mashine moja linaweza kusoma 900 katika nyingine, na hakuna iliyokosea. Daktari husoma picha hiyo kwa jicho lililozoea, akilinganisha upande huu na ule.

Upimaji wa kiasi hutaka zaidi ya hapo. Hutaka namba yenye kipimo: T1 ya mada nyeupe ni milisekunde kadhaa, ujazo wa ubongo ni mililita kadhaa, unene wa tabaka la nje ni milimita kadhaa. Namba ya namna hii huweza kupelekwa hospitali nyingine, kulinganishwa na ya mwaka jana, na kuingizwa katika utafiti. Nguvu yake iko hapo, na hatari yake iko hapo pia, kwa sababu watu huiheshimu namba kuliko wanavyoliheshimu jicho, hata pasipokuwa na sababu.

Uthabiti na usahihi

Nenda Owino ukanunue maharage. Muuzaji akipima mfuko mmoja mara tatu, mizani ikasema kilo 2, kisha 2.3, kisha 1.8, mizani hiyo haina uthabiti. Ikisema 2.2 mara zote tatu ilhali mfuko una kilo 2 kamili, ina uthabiti lakini haina usahihi. Ndiyo maana Shirika la Viwango la Uganda hukagua mizani za wafanyabiashara kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kosa la aina ya pili hurekebishika ukishalijua, kwa kuwa unapunguza ile 0.2 kila mara. La kwanza halirekebishiki kwa hesabu nyepesi, maana hujui leo limeelekea wapi.

Katika MRI mambo haya mawili hupimwa mbalimbali. Usahihi hupimwa kwa fantomu, yaani chombo chenye vimiminika ambavyo T1 na T2 zake zinajulikana. Uthabiti hupimwa kama alivyofanya Marwan: mtu yuleyule, mashine ileile, swali lilelile, kisha unalinganisha majibu.

Usidhani fantomu inamaliza kazi. Kwa mashine ya Tesla 3, T1 ya mada nyeupe katika machapisho ya kitaalamu imeripotiwa kuanzia milisekunde 690 hadi 1100. Huo ni mtawanyiko mkubwa kwa kitu kimoja ndani ya vichwa vya watu wenye afya. Mwaka 2015 Nikola Stikov na wenzake walizipima njia tatu zinazotumika sana. Kwenye fantomu zilikubaliana vizuri. Walipoingia kwenye ubongo wa mtu hai zikaachana: moja ikawa inatoa T1 fupi kila mara, nyingine ndefu kila mara. Fantomu ni maji yaliyotulia ndani ya chupa, lakini ubongo una damu inayopita, mafuta, na sumaku isiyoenea sawasawa. Shahidi aliyefaulu swali jepesi bado hajafaulu lililo gumu.

Namba huyumba wapi?

Nimezigawa sababu katika mafungu manne ili zikumbukike.

La kwanza ni mwili wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walipima ubongo wa watu waliokaa saa 16 bila kunywa chochote. Ujazo ulipungua kwa wastani wa asilimia 0.55. Walipokunywa maji tena, uliongezeka kwa asilimia 0.72. Linganisha na hili: kwa mtu wa miaka 60 mwenye afya, ubongo hupungua takriban asilimia 0.5 kwa mwaka mzima. Hapa Kampala, karibu na ikweta, saumu yetu ni kama saa 13 na nusu kutoka alfajiri hadi magharibi. Mchukue mzee wetu aliyepimwa mwezi wa Shaaban baada ya chai ya asubuhi, akapimwa tena Ramadhani saa kumi jioni akiwa na saumu. Asiyeuliza anaweza kumwandikia kuwa ubongo wake umesinyaa, kumbe alikuwa na kiu. Si tafiti zote zilizofuata zilizopata badiliko hilo, lakini busara ni kumpima mtu katika hali moja na saa moja kila mara, na kuandika katika kumbukumbu kama amefunga.

La pili ni kutikisika. Mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake walionyesha kuwa kutikisa kichwa ndani ya mashine hufanya mada ya kijivu ionekane ndogo na nyembamba kuliko ilivyo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba lina upande. Wanaotikisika zaidi ni watoto, wazee na wagonjwa. Basi ukilinganisha wagonjwa na wazima, unaweza kugundua kuwa wagonjwa wana ubongo mdogo, nawe umepima tu kwamba hawakuweza kulala wakatulia.

La tatu ni mashine. T1 hurefuka kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, kwa hiyo namba ya Tesla 1.5 haikai meza moja na ya Tesla 3. Hata mashine mbili za nguvu moja hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa koili inayopokea mawimbi, na kwa marekebisho ya kila mwaka. Ukimpima mtoto kwenye mashine moja kabla ya matibabu na kwenye nyingine baada ya matibabu, umechanganya safari ya mtoto na tofauti ya mashine.

La nne ni programu na mkono wa binadamu. Ed Gronenschild na wenzake wa Uholanzi walichukua picha za watu 30 wakazipitisha katika matoleo tofauti ya FreeSurfer, programu inayotumika duniani kote. Picha hazikubadilika hata nukta moja. Kutoka toleo hadi toleo, ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8. Hata kubadili mfumo endeshi wa kompyuta kulileta tofauti. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2012, na ushauri wao ulikuwa mwepesi: usibadilishe toleo katikati ya utafiti. Wangapi kati yetu, intaneti ikipatikana, hubonyeza kitufe cha kuboresha programu pasipo kufikiri?

Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya Ulaya, sisi tunahangaika hata kuipata mashine yenyewe. Mimi naona sisi ndio tunaohusika zaidi.

Tazama Mbale, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu. Katika mji huohuo iko hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 2001. Hutibu watoto ambao maji yamejaa ndani ya ubongo na kichwa kinakua kupita kiasi. Kwa watoto wengi wa Uganda ugonjwa huu hufuata maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi pale, aliendeleza njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba ili maji yapate pa kupita, na kuichoma tishu inayotengeneza maji hayo. Njia ya zamani ni kuweka mpira unaoyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mpira huziba, na mtoto wa kijijini aliye mbali na daktari wa upasuaji anaweza kufa kabla hajafikishwa.

Njia ipi humwachia mtoto ubongo bora? Matokeo ya jaribio la watoto 100 waliotibiwa Mbale yalichapishwa mwaka 2017 na Abhaya Kulkarni, Warf, Steven Schiff na wenzao. Baada ya miezi 12 hawakupata tofauti ya kuhesabika kati ya makundi mawili, si katika ukuaji wa akili, wala katika ujazo wa ubongo uliopimwa kwa picha za CT.

Hapa simama, ndugu msomaji. Mtafiti akisema hakuna tofauti, kauli hiyo ina maana mbili. Huenda tofauti haipo. Au huenda ipo, lakini rula ni nene kuliko kinachopimwa. Bila kujua uthabiti wa kipimo huwezi kuzitenganisha. Lililoipa nguvu kazi ya Mbale ni kuwa hawakuegemea shahidi mmoja. Ujazo wa ubongo ulisimama pamoja na mtihani wa ukuaji wa mtoto, na wote wawili wakasema neno moja. Wanafunzi wa hadithi watakumbuka kuwa riwaya huimarika inapopata nyingine ya kuiunga mkono kutoka njia tofauti.

CT hutumia mionzi, na mtoto mchanga anayehitaji kupigwa picha mara nyingi hafai kurundikiwa mionzi. MRI haina mionzi hiyo, lakini mashine kubwa ni ghali, hutaka umeme usiokatika na heliamu ya kuipoza sumaku. Ndiyo maana wengi tulifurahi mwaka 2022 ilipounganishwa mashine ndogo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mhandisi wetu Johnes Obungoloch na wenzake walishirikiana na wataalamu wa Leiden, Delft na Penn State. Vipande vilitoka Uholanzi vikiwa vimefungwa, na mashine ikaunganishwa palepale hadi kutoa picha ya kwanza ndani ya takriban siku 11. Sumaku yake ni ya vipande vya kudumu visivyotumia umeme, yenye nguvu ya Tesla 0.05 hivi, yaani kama sehemu moja ya 60 ya Tesla 3.

Mwenye kudharau atasema picha zake ni hafifu. Ni kweli ni hafifu. Lakini swali la kwanza si kama picha inapendeza, bali kama inatosha kwa uamuzi uliopo. Kule Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake walitumia MRI ya Tesla 0.35 tu kuwachunguza watoto wenye malaria ya ubongo. Uvimbe waliupanga kwa ngazi kuanzia 1 hadi 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa, na kati ya 143 waliopona ni 39 tu. Sumaku dogo na ngazi nane zilitosha kuwaonyesha madaktari kinachowaua watoto. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko unene wa rula.

Na mwenye kupenda mno naye ana hatari yake. Siku hizi picha hafifu hupitishwa kwenye akili mnemba ili iwe kali. Mwaka 2021 Joshua Harper, Schiff na wenzao waliangalia hasa jambo hili kwa ugonjwa wa maji kichwani. Walikuta kuwa picha ya ubora wa chini inaweza kutosha kupanga matibabu, lakini wakaonya kuwa picha iliyopambwa na kompyuta huvutia macho na huku inaweza kuonyesha umbo mahali ambapo halipo. Ustadhi wetu alitufundisha juu ya tadlisi, pale mpokezi anapoficha dosari ya isnadi ionekane safi. Wanazuoni waliiogopa kuliko udhaifu ulio wazi, kwa sababu udhaifu ulio wazi mtu hujihadhari nao.

Kuna jingine linalowahusu hasa watoto wetu wachanga. Katika miezi ya mwanzo, mada nyeupe ya mtoto haijapata mafuta yake. Kufikia kama miezi sita, katika picha ya T1, nyeupe na kijivu hufanana karibu kabisa. Programu iliyofundishwa kwa vichwa vya watu wazima wa Montreal au London haitajua mpaka uko wapi, lakini haitanyamaza. Itakupa namba hata hivyo, na tena yenye desimali mbili.

Hesabu ndogo unayoweza kuifanya mwenyewe

Njia iliyoenea ina mizizi katika makala ya Martin Bland na Douglas Altman ya mwaka 1986. Walionya kuwa vipimo viwili kupanda na kushuka pamoja si ushahidi kwamba vinakubaliana. Ukichanganya vichwa vya watoto na vya watu wazima, kipimo chochote kibovu kitaonekana kizuri, kwa sababu tofauti kati ya watu ni kubwa mno hata inafunika kosa.

Fanya hivi. Wapime watu kadhaa mara mbili kila mmoja, bila badiliko lolote la kweli katikati. Kwa kila mtu chukua tofauti ya vipimo viwili, uizidishe kwa yenyewe. Tafuta wastani wa majibu hayo, ugawe kwa 2, kisha utafute kipeo cha pili. Hicho ndicho kiasi ambacho kipimo chako huyumba kwa mtu mmoja. Kizidishe kwa 2.77. Unachopata ni mpaka: tofauti iliyo chini ya hapo, kwa mtu mmoja, huwezi kuitenga na kuyumba kwa kipimo.

Mfano wa kubuni: tuseme kuyumba ni mililita 9. Mara 2.77 ni kama mililita 25. Mama akija, na picha ya pili ikaonyesha ubongo wa mwanawe umeongezeka mililita 15, huna haki ya kumwambia umekua, wala ukipungua 15 huna haki ya kumwambia umesinyaa. Kauli ya haki ni hii: kwa kipimo hiki badiliko halijathibitika, turudie baada ya muda.

Mtihani wangu mwenyewe

Sasa nirudi kwenye wiki ile. Katika utafiti wangu wa mwisho nilipewa picha za zamani za vichwa vya watoto, majina yakiwa yameondolewa. Kazi yangu ilikuwa kuchora kwa mkono mipaka ya vyumba vya maji ndani ya ubongo, kipande kwa kipande, programu ikahesabu ujazo. Nilitaka kuonyesha kuwa vyumba hivyo hupungua baada ya matibabu. Nilichora mchana na usiku, nikapata jibu zuri. Vyumba vilikuwa vimepungua kwa karibu kila mtoto.

Kabla ya kuandika, dada mmoja tunayesoma naye aliniuliza kama nimewahi kuchora picha moja mara mbili. Nilikuwa sijawahi. Nikasubiri siku kadhaa ili nisahau, nikachora upya picha za mwanzo bila kutazama majibu ya kwanza. Tofauti kati yangu mimi na mimi, kwa watoto kadhaa, ilikuwa kubwa kuliko lile badiliko nililotaka kuliripoti. Nilipotazama kwa makini niliona sababu. Picha za kabla ya matibabu nilizichora kwanza, nikiwa mgeni wa kazi, na mstari wangu ulitoka nje kidogo. Za baada ya matibabu nilizichora mwishoni, mkono umeshatulia. Sehemu ya kupungua kule ilikuwa ni mkono wangu kujifunza.

Rafiki yangu wa chumbani aliniambia: "Ndugu yangu, kwani nani anajua ulichora mara mbili? Peleka ya kwanza, umalize, uende nyumbani." Nakiri nilishawishika siku mbili nzima. Muda wa kuwasilisha ulikuwa umekaribia, na nyumbani walikuwa wameanza kuuliza ninamaliza lini.

Kisha ikaja Ijumaa, na kile kisa cha Abu Huraira. Nilijiuliza: ikiwa sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikubali kuulizwa tena, mimi ni nani hata niifiche mara yangu ya pili? Nilikwenda kwa msimamizi wangu na karatasi zote mbili. Tulikubaliana nichore upya zote, zikiwa zimechanganywa ili nisijue ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada, na yule dada naye achore sehemu yake peke yake tulinganishe. Nilichelewa kuwasilisha. Matokeo yalibaki machache: kwa watoto wenye badiliko kubwa tulikubaliana sote, na kwa wengine niliandika kuwa kipimo changu hakiwezi kusema. Sura ya kuyumba kwa kipimo, ambayo sikuipanga kabisa, ndiyo iliyoulizwa zaidi siku ya kutetea kazi yangu.

Kupima ni amana

Suratul-Mutaffifin inafungua kwa onyo kali kwa wenye kupunja vipimo, wale wanaodai kitimilifu wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Katika Suratur-Rahman mizani imetajwa pamoja na kuinuliwa kwa mbingu. Tumezoea kuzisoma aya hizo tukimfikiria muuza sukari. Mimi sasa namfikiria pia mwanafunzi mwenye kompyuta. Anayeripoti badiliko dogo kuliko kosa lake, akalificha kosa, amempunja mama aliyembeba mwanawe kutoka Bugisu au Karamoja akitafuta jibu. Hakusema uongo kwa ulimi, lakini mizani yake haikuwa sawa na alilijua hilo.

Basi tuiamini MRI lini? Tuiamini inapoulizwa mara mbili ikajibu neno moja, katika hali moja na kwa programu moja. Tuiamini pale badiliko linapozidi mpaka wa kuyumba kwake, na shahidi mwingine anapoiunga mkono. Na mwenye kuileta awe amesema wazi inakosea kwa kiasi gani. Kasoro ikitajwa, msomaji anajua aipe uzito gani.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja kipimo kimoja katika fani yako (mtihani, dodoso, hesabu ya mapato) ambacho hakijawahi kurudiwa kwa mtu yuleyule. Ungekirudia vipi?

2. Mgonjwa aliyefunga Ramadhani anatakiwa kupigwa picha ya kulinganisha na ya mwezi uliopita. Ungemshauri nini yeye na daktari wake?

3. Kuna tofauti gani kati ya kukosea kupima na kuficha kuwa ulikosea? Ipi inagusa dhabti na ipi inagusa uadilifu?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, mikono iliyotulia na ndimi za kweli, na awaponye watoto wetu wote walio wagonjwa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.